Wageni wa Angani, Tuwaite Nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita usiku. Tunayachapa hapa kama ilivyo ada ya kila wiki, kwa ajili ya wale waliokatikiwa umeme au kuishiwa betri katikati ya maneno.)



Juma lililopita niliahidi kuzungumzia bei ya kahawa ya maganda. Naomba mniwie radhi, kahawa itangoja. Nimepata barua kutoka kimoja cha visiwa vya wilaya ya Muleba, imeandikwa kwa wino wa bluu katika kurasa mbili za daftari la shule, na inanukia dagaa kidogo. Mwandishi wake ni mvuvi. Ameomba nisitaje kisiwa wala jina lake, na mtakapoisikia mtaelewa ni kwa nini.

Anasema usiku mmoja wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, yeye na wenzake walikuwa wametoka kwenda dagaa. Kabla hawajawasha taa zao wakaona juu yao mianga imejipanga kama shanga kwenye uzi, thelathini au arobaini, ikifuatana bila sauti wala kupepesa. Ikapita juu ya ziwa. Ilipofika katikati ya anga ikaanza kuzimika mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayezima taa za chumba kimoja kimoja kabla ya kwenda kulala.

Walirudi ufukweni kabla ya wakati, na hapo ndipo palipoanza mabishano. Mwanawe anayesoma sekondari alisema hao ni maelieni. Katekista alisema ni mapepo. Muuza duka, ambaye ni Mwislamu, alisema ni majini, maana jini kaumbwa kwa moto usio na moshi na haoni shida kupita angani. Bibi mmoja mzee alisema hao ni Bachwezi wanarudi. Na mtu wa tano, asema mwandishi, hakusema kwa sauti. Alisema pembeni: mumiani.

Basi jina hilo la tano ndilo lililoshika. Tangu usiku ule hakuna mtoto anayetumwa maji jua likizama. Siku ya tatu walifika vijana wawili wageni kununua dagaa, wakiwa na taa zile za kufungwa kichwani, na nusura wapigwe mawe. Aliyewaokoa ni huyo katekista, aliyewafungia ndani ya nyumba yake mpaka asubuhi. Mvuvi wetu anamalizia hivi: "Ndugu mtangazaji, hao wanaosemekana kuwa ndani ya vyombo vile jina lao hasa ni lipi? Maana tumeona ya kuwa jina si jambo dogo."

Si jambo dogo, waitu. Ndiyo maana nimeiweka kahawa pembeni.

Kwanza niseme juu ya ile mianga, ili isitusumbue tukiwa njiani. Mvuvi alifanya jambo la akili: aliandika saa. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini usiku. Huku kwetu jua huzama kwenye saa moja hivi, kwa hiyo ardhini palikuwa giza, lakini kule juu sana jua lilikuwa bado linaangaza. Tangu Mei 24, 2019 kampuni ya Kimarekani ya SpaceX imekuwa ikirusha setilaiti ndogo za mawasiliano ya intaneti ziitwazo Starlink. Mkupuo ule wa kwanza ulikuwa wa setilaiti 60 kwa roketi moja. Katika siku za mwanzo husafiri zikiwa karibu karibu katika mstari mmoja, kisha hutawanyika na kupanda hadi kilometa 550 hivi kutoka ardhini. Hazina taa. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaorudi kutoka kwenye bati lake, kama kioo cha baiskeli kinavyommulika mtu aliye mbali. Zikiingia katika kivuli cha dunia huzimika, na kwa kuwa zimejipanga, huzimika moja baada ya nyingine. Maelezo ya mvuvi yanalingana na hayo kwa kila nukta.

Ningeweza kuishia hapo, tukapiga muziki. Lakini hakuniuliza ile mianga ni nini. Aliniuliza waliomo wanaitwaje. Swali hilo watu wenye vyuo vikuu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka sabini.

Neno lenyewe "kisahani" lilizaliwa kwa makosa ya waandishi wa habari, nasi wa kazi hii tuna mengi ya kujibu. Juni 24, 1947 rubani mmoja Mmarekani, Kenneth Arnold, alikuwa akiruka karibu na mlima Rainier, akasema ameona vitu tisa vinakwenda kasi mno. Alieleza kuwa mwendo wake ulikuwa wa kurukaruka, kama kisahani ukikirusha juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo. Magazeti yakaandika "visahani vinavyoruka", kana kwamba ameeleza umbo. Tangu hapo Wamarekani kwa maelfu wakaanza kuona visahani. Hapa ningependa mtu aniambie: ikiwa vyombo vile vilitoka mbali huko, vilijuaje kuwa gazeti limekosea, navyo vikabadili umbo ili kumridhisha mhariri?

Na wenyeji wake nao vivyo hivyo. Mwaka 1955, huko Kelly karibu na mji wa Hopkinsville, jimbo la Kentucky, familia moja ya shambani ilisema imepigana kwa bunduki usiku kucha na vijitu vifupi vyenye masikio makubwa. Wenyewe walisema vinang'aa kama fedha. Magazeti yakavipaka rangi ya kijani, na "vijitu vya kijani" vikabaki katika lugha hadi leo. Kabla ya hapo, mwaka 1952, George Adamski wa California alidai kukutana jangwani na mtu wa sayari ya Zuhura, mrefu, mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu na sura ya kupendeza. Huko Voronezh, katika Urusi ya Kisovieti, mwaka 1989 shirika la habari la TASS lilitangaza kuwa watoto wameona majitu yenye kichwa kidogo na macho matatu. Mwaka 1961 Betty na Barney Hill, mke na mume wa New Hampshire, walisema walichukuliwa kutoka garini mwao usiku, wakaingizwa katika chombo na kupimwa kama wagonjwa, mke akachomwa sindano kitovuni. Kutokana na simulizi hiyo, na filamu zilizoifuata, akakua yule wa kijivu mwenye kichwa kikubwa na macho meusi ambaye leo kila kijana wa Kashai anaweza kukuchorea.

Hivyo tuna wafupi na warefu, wa fedha, wa kijani na wa kijivu, wenye macho mawili na wenye matatu. Kama wote ni wageni wa kweli, basi juu ya dunia hii kuna foleni kuliko ya kivuko.

Wataalamu waliona aibu ya maneno ya mtaani, wakatafuta ya ofisini. Jeshi la anga la Marekani likasema "vitu virukavyo visivyotambulika". Lilipofunga uchunguzi wake mwaka 1969 lilikuwa limeandikisha taarifa 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila maelezo. Siku hizi hata "kitu" wamekiona kizito, wanasema "tukio", na hata "kuruka" wamekufuta. Julai 2023 aliyekuwa ofisa wa upelelezi, David Grusch, aliliambia Bunge la Marekani kuwa ameelezwa na wengine juu ya mabaki yenye uhai yasiyo ya binadamu. Hakuthubutu kusema viumbe, wala watu, wala wageni. Septemba mwaka huo huo jopo la wanasayansi lililoundwa na NASA likasema halikuona ushahidi kuwa mambo hayo yanatoka nje ya dunia. Machi 2024 Wizara ya Ulinzi yao ikasema vivyo hivyo. Naona kila jina linavyozidi kuwa la kiofisi ndivyo kilichomo kinavyozidi kupungua.

Tuje nyumbani.

Yule bibi wa kisiwani asidharauliwe. Alichofanya ni kile kile walichofanya akina Adamski: alichukua jina lililokuwa tayari nyumbani. Masimulizi ya nchi za Maziwa Makuu, toka Bunyoro hadi kwetu Buhaya, yanasema Bachwezi walitawala, wakafanya maajabu, kisha wakatoweka bila kuacha kaburi la kawaida. Wamara ndiye wa mwisho wao. Wakaendelea kutawala wakiwa hawaonekani, kila mmoja na himaya yake: Mugasha akiwa bwana wa ziwa na tufani, Irungu wa pori, Kazoba wa jua. Mvuvi wa zamani hakuingia majini bila kumkumbuka Mugasha. Kwa hiyo mtu aliyelelewa hivyo akiona kitu kinapita juu ya ziwa usiku bila sauti, asiseme nini? Angalau jina lake lina heshima. Bachwezi ni watu. Kwa Kihaya tunasema Omuchwezi na Abachwezi, kama omuntu na abantu. Hatusemi kitu.

Na msidhani wazee wetu walikaa tu kungoja wa juu washuke. Pale Katuruka, Maruku, si mbali na mjini Bukoba, masimulizi yanasema mfalme Rugomora Mahe aliwaita wahunzi wamjengee mnara wa chuma ili afike mbinguni akaone kuna nini. Mnara ukaanguka na kuua watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba mahali hapo penye mti wa Kaiija, alikoongozwa na masimulizi ya wazee, akakuta matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mnara sijui, lakini chuma kilikuwapo. Nikisikia mtu anasema ujuzi wa kale wa Afrika uliletwa na wageni wa sayari nyingine, kama baadhi ya vitabu vya Ulaya vilivyosema, huwa namkumbuka mhunzi wa Maruku na mikono yake myeusi kwa makaa.

Sasa neno mumiani. Hili lina historia ya ajabu. Mwanzoni lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama lami kilicholetwa pwani na wafanyabiashara kutoka Uajemi na India. Watu wakaanza kuamini kuwa dawa ile ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Kisha jina likahama kutoka kwenye dawa kwenda kwa mtu anayeitafuta damu hiyo. Wakati wa ukoloni, Kampala na Nairobi, watu waliwaita wazimamoto: wanaume wenye sare, wanaokwenda usiku kwa gari lisilo na madirisha, wanamkamata mpita njia, wanamtia ndani na kumnyonya damu kwa mipira na sindano. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000.

Linganisheni na Betty na Barney Hill. Chombo kigeni chenye mianga, usiku, barabarani. Watu waliovaa sare. Kuingizwa ndani kwa nguvu. Sindano. Kurudishwa bila kukumbuka vizuri. Hadithi ni moja, imevaa kanzu mbili. Mmarekani wa mwaka 1961 aliishi katika zama za roketi, Gagarin akiwa amekwenda angani mwezi wa nne mwaka huo huo. Mwafrika wa mwaka 1930 aliishi chini ya serikali iliyokuja na gari, sare na sindano bila kumweleza sababu. Kila mmoja alitumia kitambaa alichokuwa nacho. Sisemi waliodanganya. Hofu yao ilikuwa ya kweli.

Hapa ndipo ninapotaka kuwapeleka Kashasha, na wasikilizaji wa Muleba wanajua ninaelekea wapi.

Januari 30, 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha walianza kucheka na kulia na wakashindwa kuacha. Wengine wakafuata. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudishwa nyumbani, hali ile ikaenda nao. Nshamba, katika watu wapatao 10,000, walipatwa 217, wengi wao vijana. Shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba, Ramashenye, ikapata wagonjwa 48. Kwa mmoja shambulio lilidumu saa chache, kwa mwingine lilikwenda hadi siku 16. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Vipimo havikuonyesha kijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa.

Watu wa nje wanapenda kuichekesha habari hii, wanasema ni kijiji kilichocheka. Waliokuwapo hawakuona cha kucheka. Wapo waliokimbia ovyo, waliopiga watu, na waliosema kuna mtu anawafukuza. Nataka mshike hilo. Kuna mtu anawafukuza, na hakuna aliyemwona. Huyo naye tungemwitaje?

Majibu yalikuwa mengi. Wananchi waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Wengine wakasema akajanja, wazimu. Na wapo waliosema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Msiwacheke. Oktoba 1961 Warusi walilipua bomu kubwa kuliko yote yaliyopata kulipuliwa, na habari zilifika hadi huku. Februari 20, 1962, wasichana wakiwa bado wanateseka, John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, na mojawapo ya vituo vya kumfuatilia kilikuwa kisiwani Unguja, pale Tunguu. Anga haikuwa mbali na sisi kama tunavyodhani. Madaktari waliohitimisha kuwa ni mshituko wa pamoja wa nafsi, wa watoto waliobanwa wasiokuwa na mlango wa kutokea, nadhani walikuwa sahihi. Lakini ninachokishukuru zaidi ni jina ambalo halikutumiwa sana. Jina la kawaida lilikuwa la ugonjwa, na mgonjwa hupelekwa nyumbani, hupewa maji, hungojwa. Laiti jina lililoshika lingekuwa la mchawi, mtu fulani wa Kashasha angelipa.

Miaka 32 baadaye, Septemba 16, 1994, jambo linalofanana nalo lilitokea Ruwa, nje ya Harare, nchini Zimbabwe. Walimu wa Ariel School walikuwa mkutanoni, watoto wakiwa nje kwa mapumziko. Watoto 62 wakasema wameona kitu cha fedha kimetua vichakani na mtu au watu waliovaa nguo nyeusi, wenye macho makubwa. Siku mbili kabla, masalia ya roketi ya Kirusi yalikuwa yameungua angani juu ya kusini mwa Afrika, na redio zilikuwa zimejaa maneno ya vyombo vya angani. Alipokuja mchunguzi Cynthia Hind, baadaye John Mack, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, watoto walikuwa wameshazungumza sana wao kwa wao. Baadhi ya watoto wadogo walilia wakisema ni tokoloshi, kijitu cha hadithi za huko kinachokula watoto. Wengine wakasema ni watu wa sayari nyingine. Kichaka kimoja, siku moja, wageni wa aina mbili, kutegemea nyumbani kwenu wanasimulia nini jioni. Mpaka leo baadhi ya watoto wale, sasa ni watu wazima, wanashikilia walichokiona. Mimi sina haki ya kuwaita waongo, sikuwapo.

Lakini rudini kwa wale vijana wawili wa dagaa waliofungiwa nyumbani kwa katekista.

Karne ya tisa huko Lyon, Ufaransa, askofu mmoja aitwaye Agobard aliandika kwa hasira juu ya watu wa jimbo lake. Waliamini kuna nchi iitwayo Magonia, ambayo merikebu zake husafiri mawinguni na kuja kuchukua mazao yaliyoangushwa na mvua ya mawe. Siku moja wakamletea wanaume watatu na mwanamke mmoja waliofungwa kamba, wakisema wameanguka kutoka kwenye merikebu hizo, wapigwe mawe. Askofu akabishana nao mpaka wakaachiliwa. Mfaransa Jacques Vallée aliikumbusha dunia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1969, akionyesha jinsi wageni wa visahani wanavyofanana na vijitu vya ngano za zamani za Ulaya. Wengi waliosoma wakakumbuka merikebu. Mimi nilikumbuka zile kamba. Wale wanne walitoka wapi? Bila shaka kijiji cha pili.

Hao waliokoka. Mwaka 1995 Pemba na kisha Unguja zilishikwa na hofu ya Popobawa, yule wa usiku aliyepewa jina kwa kivuli cha mbawa za popo. Watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Mjini Zanzibar umati ulimpiga mtu hadi akafa, ukisema ndiye. Alikuwa mgonjwa wa akili kutoka bara.

Na hapa kwetu? Sitakwenda mbali. Neno zeruzeru wengi wetu tumelitamka bila kufikiri. Limebeba maana ya kivuli, ya mzuka, ya kitu ambacho hakifi bali hutoweka. Ukishamwita mtoto hivyo, umeshamtoa katika watu. Mwaka 2024, katika wilaya hii hii ya Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa kutoka nyumbani kwao akauawa. Hakutoka angani. Alizaliwa hapa, kwa mama anayejulikana.

Sasa, ndugu mvuvi, jibu lako. Nilikaa na kamusi mezani na chai ya mchaichai. Lugha yetu ina bahati ambayo Kiingereza hakina: kila jina lazima liingie katika ngeli, na ngeli inasema unamchukuliaje. Jini na pepo huenda na majini na mapepo, kundi moja na majitu na madude. Kijitu na vijitu umewadogosha kabla hujawajua. Elieni ni neno la vijana na sinema, silikatazi, lakini asili yake kwa Kiingereza ni mgeni tu, mtu asiye raia. Maofisa wao wa uhamiaji hulitumia hata kwa mimi na wewe tukifika bila karatasi. Ajabu, hata kiumbe, ambacho kwa umbo ni kama kiti na kikombe, katika sentensi tunasema kiumbe huyu, wala si kiumbe hiki. Wahenga walioipanga lugha hii walisita, wakaamua kuwa chenye pumzi kipewe heshima ya mtu.

Kwa hiyo kama itatokea siku moja mlango wa chombo ufunguke na atoke mtu usiyemjua, mwite mgeni. Ngeli ya watu. Mgeni ana haki zake: hukaribishwa, huulizwa habari za atokako, hupewa kahawa ya kutafuna. Akiwa mbaya mtajua, na polisi wapo. Lakini mpaka hapo hakuna aliyetoka. Mliona mianga. Basi semeni mianga, andikeni saa, upande ilikotokea na upande ilikokwenda, kama ulivyofanya wewe. Kati ya neno mianga na neno mumiani kuna vijana wawili wenye taa kichwani.

Nilimwandikia hayo kwa kifupi, na Alhamisi alinipigia simu akiwa mwaloni. Wale vijana wamerudi kisiwani na wamenunua magunia yao, safari hii wakiwa wametambulishwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwanawe ametafuta kwenye simu, na kwa saa na tarehe aliyopata wakatoka watu wapatao ishirini wakaangalia juu, mianga ikapita kama ilivyotabiriwa, wakapiga makofi.

Yule bibi hakupiga makofi. Alipoelezwa kuwa ni vyombo vya kampuni ya Marekani, vimerushwa kwa ajili ya simu, aliuliza waliomba ruhusa kwa nani kupita juu ya ziwa la Mugasha. Mvuvi ameniomba nimjibu. Nimemwambia anipe wiki moja.